Giaboksi ya otomatiki iligoma kukaa kwenye injini: tulivyoiweka

Gari langu linavuta kwa magurudumu ya mbele. Ukiweka D, injini inanguruma tu, gari halisogei. Giaboksi ilikuwa imekwisha, nikanunua ya mtumba. Kuishusha ya zamani hakukuwa na taabu: tulichomoa shafti za mbele na kuining'iniza injini kwa mnyororo, maana maunti (kishikio cha injini) ya upande mmoja imeshika giaboksi.

Kasheshe ni kurudisha. Ilibaki nafasi ya kidole kati ya giaboksi na injini. Tukapandisha jeki, tukashusha, tukatikisa, tukasafisha pini za kulenganisha. Wapi! Kijana mmoja akashauri tuivute kwa kukaza bolti. Fundi akakataa kabisa, na alifanya la maana, kwani hapo ndipo pampu ya oili ya giaboksi huvunjika.

Kumbe ni konveta, ile ngoma ya mviringo inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili. Inaingia kwa hatua: meno ya shafti kwanza, pampu mwisho. Yetu haikufika kwenye pampu. Tuliishusha giaboksi, tukailaza mdomo juu, tukasukuma konveta huku tukiizungusha taratibu. "Kloki," ikazama. Tukazungusha tena: "kloki" nyingine. Laza rula mdomoni uone. Sehemu za bolti za konveta lazima ziwe ndani ya ukingo.

Safari hii ilifunga kwa mkono. Kabla ya kukaza bolti za konveta, hakikisha inazunguka huru. Kisha jaza ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari, washa, pitisha gia zote, upime tena kiwango cha oili.