Modeli imepita, kwenye prosesa je?

Kuna hatua kwenye kutesti programu za gari naona watu wanairuka sana na mimi inaniuma kwelikweli, ni ile ya kuchukua kodi (maandishi ya programu) na kuijaribu kwenye prosesa yenyewe itakayokaa ndani ya gari.

Siku hizi unachora modeli ya programu kwenye Simulink (programu ya kompyuta ya kuchora na kuigiza mifumo), unaiendesha uone inavyofanya, halafu kodi ya lugha ya C inazalishwa humo humo, na makosa mengi unayakamata kabla gari lenyewe halijakuwepo. Sasa mtu akishaona modeli imepita anaona kazi imeisha.

Sisi ilitukuta. Tulikuwa tunapiga hesabu gurudumu limeteleza asilimia ngapi, yaani spidi ya gari toa spidi ya gurudumu, zidisha 100, gawa kwa spidi ya gari. Spidi inahifadhiwa kwa biti 16, kila 1 ni km 0.01 kwa saa, na hicho kipande tulikiandika kwa mkono tukakichomeka kwenye modeli. Tofauti ikiwa km 3 kwa saa ni 300, mara 100 unapata 30,000, haina shida. Ikifika km 4 ni 40,000, na namba ya biti 16 yenye hasi na chanya inaishia 32,767, basi ikageuka ikawa -25,536, yaani gurudumu linaanza kujifunga (kuacha kuzunguka wakati gari bado linakwenda) na programu inaamini linazunguka kwa kasi kuliko gari!

Kwenye laptopu huioni kabisa maana kule C inafanya hiyo hesabu ya katikati kwa biti 32. Modeli ilipita, kodi ikapita, kavareji (kipimo cha sehemu ya kodi iliyopitiwa na testi) asilimia 100 mpaka MC/DC, ile kali inayotaka kila sharti lionyeshwe linabadili uamuzi peke yake. Tulipopeleka data zile zile kwenye prosesa ya biti 16 tukalinganisha na majibu ya modeli ndo grafu mbili zikaachana. Kavareji inakwambia mistari yote imepitiwa, haikwambii imepitiwa na namba zipi. ISO 26262, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya umeme ya magari, tangu ilipotoka 2011 inausisitiza sana huo ulinganisho wa modeli na kodi kwa ASIL C na D (ngazi mbili za juu za hatari, kati ya A mpaka D), na breki nyingi ziko huko.

Na hapo tumehakikisha tu kwamba kodi inafuata mahitaji, bado kujua kama mahitaji yenyewe yako sawa. Kwenye changarawe gurudumu lililojifunga linarundika mawe mbele yake na gari linaweza kusimama mapema zaidi, kwa hiyo programu inayoshika neno kwa neno kwamba gurudumu lisijifunge itapita testi zote na gari likachelewa kusimama. Kama hukuweka changarawe ndani ya modeli, lazima gari liende huko likafunge breki.