Nilivyowachezesha watoto na maji ya ziwa bila kuwaingiza ziwani

Kila Desemba tunatoka Nakuru kwenda kwa mama mkwe huko Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, na kila Desemba hakosi mtu mzima wa kuniambia kichocho ni hadithi ya kutishia watoto. "Mwache aogelee, akitoka mpanguse haraka na taulo." Ushauri huo umenichosha. Mwanangu wa pili alipanguswa vizuri sana, na miezi michache baadaye akaanza kuumwa tumbo na kuharisha damu. Zahanati tuliyoenda kwanza ilimtibu amiba, ikamtibu amiba tena. Ni daktari mwingine aliyeuliza kama mtoto aliingia ziwani. Choo kikapimwa, mayai ya minyoo ya kichocho yakaonekana, akapewa dawa ya prazikwanteli kulingana na uzito wake, akapona.

Sasa, kuwapeleka watoto Kisumu na kuwakataza maji ni ukatili. Nilikaa nikafikiria. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia ukingoni, penye nyasi na magugu maji, palepale watoto wanapopenda. Jua likipanda, vibuu, yaani minyoo michanga ya kichocho, hutoka kwa konokono, na mchana ndio huwa wengi zaidi. Hupenya ngozi kwa dakika chache, taulo likiwa bado begani. Shemeji mmoja akasema basi waoge alfajiri. Alfajiri! Saa ambayo viboko wanarudi majini kutoka malishoni, nasi tuko jirani na Hippo Point.

Lakini kibuu ana udhaifu mmoja: asipopata mwili wa kuingia, hamalizi saa 48. Maji yakichujwa ili konokono asipite, yakakaa kwenye pipa siku mbili kamili, kichocho kimekufa humo. Hapo ndipo nikampigia mama mkwe simu kabla hatujafunga safari, nikamwomba mapipa yajazwe.

Tulipofika, mapipa yamejaa. Nikachukua kijiti kikavu, nikakichovya, nikakiinua. Mbinu hii naipenda kwa sababu haihitaji mtaalamu. Kijiti kikitoka na nyuzi zinazoning'inia, huo ni mwani wa kawaida. Changu kilitoka kijani kitupu, laini, kimeenea pande zote kama kilichochovywa kwenye kopo la rangi. Hiyo ni dalili ya bakteria wa kijani-buluu, na baadhi yao hutoa sumu inayowasha ngozi na kudhuru ini. Hata ukichemsha maji, sumu haiondoki. Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo Kisumu, ni ya kina kifupi, inapokea maji taka na mbolea kutoka mashambani, na joto likikutana na utulivu uchafu huo wa kijani hustawi, kisha upepo unausukuma ufuoni. Kijana aliyetumwa alikuwa amechota palepale ufuoni. Mama mkwe alisikitika, maana alilipia bodaboda za kubeba mitungi, lakini nilimwaga yote, mapipa yakasuguliwa.

Mara ya pili shemeji mvuvi alitoka na mtumbwi mpaka maji yalipokuwa safi. Tukapima tena kwa kijiti, kikatoka safi, rangi yake ileile. Tukachuja kwa leso iliyokunjwa mara mbili, tukaweka dawa ya maji kwa sababu watoto humeza, tukafunika na kungoja. Uani tukachimba shimo la kina cha magoti, tukalitandika turubai la elfu moja na kitu. Mtoto wa chini hakutoka humo mpaka vidole vikakunjamana, na Dani wao, yaani mama mkwe, alikaa kando na kiti akiwamwagia kwa kata.

Siku ya pili ya Krismasi tulishuka ufuoni kula samaki na kutazama ziwa. Nilichokiona kiliniuma. Bodaboda zinaoshwa ndani ya maji, vijana wanaingia na chupa mkononi, mama anamsafisha mtoto aliyejisaidia hatua chache kutoka kwa wanaochota maji. Hivyo ndivyo kichocho kinavyozunguka: mayai hutoka na kinyesi, yakifika majini yanaanguliwa, yanatafuta konokono. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, waliwafuatilia waosha magari wa Kisumu waliokuwa wakifanya kazi wamesimama ziwani, wakakuta watu wanatibiwa kisha wanaambukizwa upya. Ukiona mtu anaosha pikipiki humo, mwambie kwa upole. Mimi niliwaambia wawili, mmoja akatoka.

Mashua tulipanda asubuhi, kila mtoto na jaketi lake la kuokolea limefungwa mpaka kidevuni. Nahodha alitaka kuokoa muda kwa kuwapa wakubwa tu. Nikamwambia basi hatupandi, akaenda kuazima mengine. Msipande mashua ndogo alasiri. Upepo wa ziwa huwa umeshaamka, na mvua ya radi ya Kisumu haibishi hodi.

Shemeji na yule kijana wa mitungi walikuwa wamekanyaga maji, kwa hiyo niliwasihi wapimwe, lakini si palepale. Minyoo huchukua wiki kadhaa kabla ya kutaga mayai, ndiyo maana tulingoja kama miezi miwili. Kijana alikutwa nayo, akameza dawa. Wangu wote walipimwa Nakuru, safi. Mama mkwe amelikunja turubai akaliweka juu ya kabati, na majirani wawili wameshaniuliza upana wake ili wanunue la Pasaka.