Nilivyoielewa naitriki oksaidi kwenye banda la chipsi Ng'ong'ona

Jamani baiokemia isikie tu kwa mwenzio. Muhula uliopita nlipewa kuprezenti naitriki oksaidi, gesi ambayo seli zinaitengeneza zenyewe, inavyodhibitiwa ndani ya seli, nikakariri wee mpaka usiku wa manane, enzaimu, yani protini za kuitengeneza, ziko tatu, asidi amino ya ajinini inageuka sitrulini gesi inatoka, Nobel ya 1998 walipewa Furchgott, Ignarro na Murad, vyote kichwani. Nasimama mbele mwalimu ananiuliza kitu kimoja tu, "sasa hiyo gesi seli inaitunza wapi?" Nikakodoa macho weee, mwishowe nikasema kwenye vifuko. Hadi leo wananiita Vifuko.

Jioni nipo Ng'ong'ona nasubiri chipsi mayai, njaa na hasira juu, dada wa pale viazi kashakata, mafuta yanachemka, ila hakaangi mpaka umwagize. Nikamwambia dada si ukaange nyingi uweke kabatini? "Mdogo wangu zikilala utazila wewe?"

Hapo ndo ikaniingia. Hii kitu ni gesi, inapenya utando wa seli kirahisi, inaisha ndani ya sekunde chache, ikiingia kwenye damu hemoglobini inaidaka inakuwa naitreti, sasa utaitunza wapi? Lazima uibane jikoni, kwenye enzaimu. Kwenye ukuta wa mshipa wa damu oda ni kalisiamu, ikipanda inashikana na protini inaitwa kalmodyulini, hiyo inaamsha enzaimu, gesi inatoka, msuli wa jirani unalegea mshipa unatanuka. Kalisiamu ikishuka, jiko kimya.

Ila enzaimu ya seli za kinga haina mambo ya oda, lile ni jiko la msibani. Kalmodyulini imeing'ang'ania muda wote, haisubiri kalisiamu ipande, kinachobanwa ni jeni yake, yani habari ya bakteria ikifika ndo enzaimu inaanza kutengenezwa, inachukua masaa kabisa, ila ikishawaka inapika usiku kucha. Na gesi ikikutana na supaoksaidi, ile oksijeni kali, inatoka peroksinaitriti, inaunguza bakteria na seli zako mwenyewe humohumo.

Nikaomba kurudia, safari hii nikachora karai ubaoni. Mwalimu akanibana na BH4, kile kisaidizi cha enzaimu, ikipungua inakuwaje? Nikamjibu enzaimu inaendelea kula oksijeni ila inatoa supaoksaidi badala ya gesi yetu, mkaa unaisha, moshi umejaa banda zima, chipsi hamna. Akacheka, akaniambia kakae.