Matador ameanguka: kumbukumbu ya Nocturne, usiku wa 11

Saa saba kasoro robo usiku wa kuamkia leo, Matador, bosi wa gemu ya Shin Megami Tensei III: Nocturne, ameanguka. Niliweka pedi chini nikasimama katikati ya chumba, mikono kichwani, nikiangalia skrini mpaka kinara chake, anachokiacha akishindwa, kikawa changu. Mliocheza Shin Megami Tensei III mnajua uzito wake. Yule mifupa mitupu mwenye upanga na kitambaa chekundu, pale Ginza, ndiye aliyenifanya niiache gemu hii miaka ile.

Nacheza diski ileile ya PS2, toleo la Ulaya la 2005 lililoitwa Lucifer's Call. Japani walipoipata 2003, Matador hakuwemo kabisa. Aliingia na Maniax, toleo lililopanuliwa, mwaka 2004, na sisi wa nje tukapewa hiyo moja kwa moja, bila kuonja ile nyepesi.

Shida yangu haikuwa leveli. Shida ni ujuzi wake, Red Capote. Akiitumia, wepesi wake unapanda mpaka mwisho, na kila pigo lako linapita hewani. Kwenye mfumo wa zamu wa Nocturne, kukosa si kukosa tu: kunakula zamu mbili. Pepo wangu wawili, wanaopigana upande wa shujaa ninayemwongoza, wakikosa, zamu zangu nne zimekwisha, naye Matador anashusha Mazan, pigo la upepo (Force), juu ya timu nzima. Akimpata mwenye udhaifu wa Force, anajiongezea nafasi ya kupiga tena. Na shujaa akifa, gemu imeisha, hata kama wenzake watatu wamesimama wazima.

Dawa yake ni Fog Breath, pumzi ya ukungu inayopunguza wepesi wa adui. Kila ukiipuliza inamshusha ngazi mbili, kwa hiyo mara mbili tu anarudi kuwa kiumbe cha kawaida. Inatoka kwenye Wadatsumi, moja ya Magatama, vimelea ambavyo shujaa anavimeza ili kupata ujuzi. Mara ya kwanza niliikataa Fog Breath kwa sababu haikuwa na madhara yoyote, nikaacha nafasi kwa mapigo makubwa. Ujuzi ukiukataa haurudi tena. Nilipokuja kuelewa nilichokitupa, nilikuwa nimeshahifadhi mbali sana. Ndiyo maana safari hii nimeanza upya, tangu hospitali ya Shinjuku, nikiwa na Wadatsumi tumboni hadi ukungu ulipokuja.

Bado nikafa mara sita. Nilikuwa na ukungu, ila wakati wa pambano shujaa anavaa Hifumi, Magatama nyingine, ili Force isimguse, na waliobaki walikuwa wanaanguka. Nikataka pepo mmoja asiyedhurika na Force, mwenye Sukunda, uchawi unaopunguza wepesi wa adui, ili kazi ya kumshusha isiwe ya shujaa peke yake. Hapo ndipo usiku mbili zilipoishia. Kwenye PS2, ukiunganisha mapepo kupata mpya, ujuzi wa kurithi unajipanga wenyewe bila kukuuliza. Unaangalia orodha, Sukunda haipo, unatoka, unaingia tena. Nilihesabu mpaka 43 nikaacha kuhesabu. Toleo jipya la 2020 linakuruhusu kuchagua ujuzi mwenyewe, na hilo nalipenda kwa moyo wote. Kubahatisha si ugumu. Ugumu ni Matador.

Kuhusu vifaa: umeme ukikatika kabla ya kufika kwenye tarminali, mahali pa kuhifadhi gemu, kila kitu kimeenda. Jumanne ulikatika nikiwa na leveli mbili mpya. Wengi wananishauri emuleta, programu ya kuchezea gemu za PS2 kwenye kompyuta, ambako unahifadhi popote unapotaka. Kwa umeme wa huku ni ushauri mzuri, lakini bosi huyu nilitaka kumpiga palepale aliponishinda. Pedi ya waya, televisheni ya kichogo, daftari la karatasi kwa ajili ya kuunganisha mapepo. Daftari halizimiki.

Pambano lenyewe: ukungu, ukungu, Sukunda ya akiba, halafu mapigo. Mazan yake ya tatu ilimgonga yule asiyedhurika, zamu zake mbili zikafutika, nikajua usiku huu ni wangu. Shujaa alibaki na nguvu 31.

Nilikuwa nimepanga kuandika hapa njia ya miisho yote sita. Kwa sasa naiweka kando. Pixie niliyempata mwanzoni kabisa bado ninaye, na nikimtunza ukoo wake kwenye kila muungano hadi Labyrinth of Amala, eneo la hiari ndani ya gemu, atarudi akiwa leveli 80. Usiku wa leo nachora ukoo huo kwenye ukurasa mpya, kwa wino mwekundu.