Kabla ya kuamini Lagranjia ya rho, kagua upana wake

Ukishika Lagranjia (fomula kuu inayoeleza chembe na jinsi zinavyoathiriana) yenye mesoni za vekta, yaani chembe za kwaki na kinzakwaki zenye spini 1, usikimbilie kompyuta. Kikokotoo cha simu chatosha, hata uwe barazani Mji wa Kale na stima zimepotea. Swali la kwanza ni moja: je, inatoa upana sahihi wa rho, mojawapo ya mesoni hizo? Upana ni kipimo cha wepesi wa chembe kuvunjika.

Masi ya rho, m, ni 775.26 MeV (kizio cha nishati, hapa pia cha masi na momenta) na upana wake ni kama 149 MeV. Huvunjika karibu kila mara kuwa paioni mbili, mesoni nyepesi kuliko zote, na fomula ya upana ni Γ = g²p³/(6πm²), g ikiwa nguvu ya rho kuungana na paioni, na p momenta ya kila paioni pale rho ilipotulia. Paioni yenye chaji ina 139.57 MeV, basi p ni 361.6 MeV, na Γ ni 4.17g² MeV. Hiyo g waipata kwa uhusiano wa KSRF (herufi za kwanza za majina ya waliouunda) wa mwaka 1966, m² = 2g²f², f ikiwa namba thabiti ya kuvunjika kwa paioni. Weka f = 92.2 MeV: g ni 5.95, upana 147.6 MeV. Hatujarekebisha chochote, si haba.

Wengi huangushwa na f. Kuna vitabu vinavyotumia 92 na vingine 130, ya pili ikiwa ya kwanza mara kipeuo cha pili cha 2. Ukichomeka 130 hapo juu, upana waporomoka hadi 74 hivi. Ukiona nusu au maradufu, usiilaumu nadharia; fungua ukurasa wa maelezo ya alama.

Bando na wenzake, Japani, mwaka 1985 waliichukulia rho kuwa bozoni ya geji (chembe inayobeba kani) ya simetria iliyofichika. Nadharia yao ina kigezo a; ukiweka a = 2, KSRF yajitokeza na fotoni, chembe ya mwanga, haiigusi paioni ila kwa kupitia rho, kama alivyopendekeza mwanafizikia Sakurai mwaka 1960. Naipenda njia hii kwa kuwa hiyo 2 haijifichi: data ndiyo iliyoichagua, si simetria.

Hatari kubwa zaidi ni kuhesabu mara mbili. Kwenye nishati ndogo rho hutoweka, lakini alama yake hubaki ndani ya L₉, mojawapo ya namba za nadharia ya paioni za nishati ndogo: mchango wa rho, f²/(2m²), ni 7.1×10⁻³, na data hutoa takriban 6.9×10⁻³. Kwa hiyo L₉ karibu yote ni rho. Ukiibakiza rho kisha ukaongeza L₉ ya jedwali, nusukipenyo cha chaji ya paioni chafika karibu 0.88 fm (femtomita), ilhali kilichopimwa ni 0.66.

Upana nao usiufanye thabiti. Hufuata p³ na kufa kwenye 279 MeV, yaani masi ya paioni mbili. Mporomoko mkali unaoonekana kwenye data ya paioni mbili karibu na 782 MeV ni omega, mesoni nyingine ya vekta, iliyochanganyika na rho, basi iandikie sehemu yake badala ya kuinyoosha rho.

Phi, mesoni nyingine ya vekta, yenye 1019.46 MeV, iko juu kidogo tu ya kizingiti cha kaoni mbili (mesoni zenye kwaki geni) ambazo huvunjika kuwa hizo. Usitumie masi moja ya wastani: p ni 127 MeV kwa kaoni zenye chaji, 110 kwa zisizo na chaji, na kipeo cha tatu chageuza pengo hilo dogo kuwa uwiano wa 1.5. Vipimo vya kuvunjika kwa phi ni takriban asilimia 49 kwa 34.