Siku niliyompeleka Simsim kwake

Saa 12 asubuhi. Nyumbani kwangu Kisaasi, jijini Kampala, siku huanza na mukene. Dagaa hao wa Ziwa Victoria mara nyingi huanikwa juu ya mchanga, kwa hiyo huwaosha mara tatu, mpaka chini ya sufuria pasibaki chembe, kisha nikawachemsha bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya paka. Walaji ni watatu, na hakuna hata mmoja aliye wangu. Kikundi ninachokisaidia hakina jengo wala vizimba. Paka wanaookotwa masokoni, mitaroni na kwenye dari za watu hugawanywa majumbani mwa walezi wa muda, wakakaa humo hadi apatikane mwenye kuwachukua moja kwa moja. Jumanne hiyo ilikuwa zamu ya Simsim kuondoka: paka jike wa miezi 6, mwenye rangi ya ufuta uliokaangwa ukaungua kidogo.

Saa 2. Nilibadilisha maranda katika sanduku lao la haja. Kinyesi kilikuwa kigumu, hakuna minyoo. Basi.

Saa 3 asubuhi nilikaa kwenye cherehani kumalizia gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, ya mteja aliyekuwa na harusi Jumamosi. Nyuzi zangu zote hukaa ndani ya kopo lenye kifuniko, na wateja hudhani ni unadhifu. Ulimi wa paka una vijimiiba vilivyoelekea kooni, hivyo uzi ukishanasa hawezi kuutema, humeza tu. Na ncha moja ikishikilia mahali, utumbo hujikunja juu yake kama kitambaa kinavyokunjamana fundi anapovuta uzi wa marinda. Simsim alilala juu ya mshipi wa gomesi kwa saa nzima, nami nikamwacha, ingawa nilijua nitaupangusa manyoya kwa kitambaa kibichi baadaye.

Saa 6 mchana alipiga simu mratibu wetu. Karatasi zilikuwa tayari: Simsim amekwisha kufungwa uzazi, amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo itarudiwa baada ya mwaka. Mwombaji alikuwa mama mmoja wa Bukavu anayeishi Nsambya na bintiye, na mahali palipoulizwa kwa nini anataka paka alikuwa ameandika neno moja, "panya". Wenzangu kadhaa hawalipendi jibu hilo. Mimi sioni ubaya wake. Mtu aliyesema kweli juu ya panya atasema kweli na paka akiugua.

Saa 9 nilikodi gari, kwa maana Simsim huogopa mngurumo wa bodaboda hadi hujikojolea. Nilifunika kikapu chake kwa leso, akalia tangu Kamwokya hadi Mnara wa Saa, ambapo foleni ilituweka muda mrefu hata dereva akaanza kumjibu.

Saa 10 na nusu tulifika. Ni chumba kimoja katika safu ya vyumba sita, muzigo kama wanavyoviita hapa, kilichofagiliwa vizuri. Nyuma ya jiko la mkaa niliona karatasi yenye punje za waridi.

"Mama, hii ni sumu ya panya?"

"Ndiyo, dada. Paka akishindwa, sumu itamsaidia."

Nilimweleza kwamba paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa, na kwamba vidonge vya paracetamol tunavyomeza sisi kwa kichwa humuua vilevile. Hakubishana. Aliifunga ile karatasi, akaitia ndani ya kopo, akatoka kubisha hodi kwa majirani watano, mlango kwa mlango, huku bintiye akimfuata. Wanne walikubali kuacha sumu. Wa tano alisema atafikiri, nami nikaona heri jibu hilo kuliko ndiyo ya kunifukuza.

Kisha nikafanya sehemu ya kazi hii nisiyoipenda, yaani kutaja aibu za paka mbele ya mtu anayemtazama kwa mapenzi. Simsim huiba samaki hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Hung'ata ukishika tumbo lake. Mgeni akiingia hupotea chini ya kitanda. Mwaka jana nilinyamaza kuhusu paka mwingine aliyechukia paka wenzake, kwa kuwa nilitaka apate nyumba haraka; alirudishwa baada ya siku nne, sikio limechanika, na anayestahili lawama alikuwa mimi. Mlezi wa muda ndiye pekee aliyeishi na mnyama huyo. Akinyamaza, karatasi haziwezi kusema badala yake.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia bintiye: "Anaiba samaki kama wewe." Akatia sahihi. Nilimwachia kitambaa ambacho Simsim amekilalia, ili apate harufu anayoijua, na nikamwomba mlango ubaki umefungwa siku za mwanzo.

Saa 3 usiku nilikuwa nikishona vifungo vya gomesi simu ilipolia. Simsim yuko chini ya kitanda, hajala, macho yake yanang'aa. Mtoto anauliza kama amwachie taa.

Nilimwambia aizime, na sahani aisogeze karibu na ukuta.