Winchi ndani ya parshoki ya Prado: nilivyoifunga kwangu nyumbani bila mtu kuiona

Watu wengi wakipita mbele ya gari yangu hawajui kama ndani ya parshoki (bampa) iko winchi, ile mashine ya umeme yenye inavuta gari na kamba ikikwama, na njo nilivyotaka. Ni Toyota Prado ya zamani, ile 95, moteri ya dizeli 1KZ-TE, usukani kuume sawa na magari mengi ya hapa Lubumbashi yenye yalipitia Dar ao Zambia, ingawa sisi tunatembea upande wa kuume wa barabara na kila ukitaka kupita lori unaomba kwanza. Inapeleka watoto masomo, inaenda soko, inaenda kanisa, halafu mvua ikianza mwezi wa 11 inanipeleka shamba kwa njia ya Kasenga, na kule kuna vidembo (mabonde ya matope) vyenye ukishuka ndani bila kuuliza wenyeji unalala palepale.

Sasa juu ya nini kuificha, si ningeweka tu parshoki kubwa ya chuma na winchi juu yake kama wengine? Kwanza uzito. Ile parshoki na winchi pamoja inaweza kupita kilo 80, zote juu ya pua ya gari, springi za mbele zinashuka, gari inakuwa nzito kukata kona, na mimi siku nyingi niko mu mji si mu pori. Pili macho ya watu. Ukifika ku barriere (kizuizi cha barabarani) na winchi inang'aa mbele, mwenye kukusimamisha anajiambia huyu ni wa mine (migodi) ao wa ONG (shirika la misaada), bei inapanda kabla hujashusha kioo. Na wezi nao wanaona. Tatu, bibi yangu (mke) alisema mapema kama gari ikifanana na kamio (lori) ya jeshi yeye hapandi, maneno ikaisha.

Lakini kuficha kuna bei yake na ndiyo maana naandika, juu naona watu wanapenda picha tu, gari safi kamba inatokea chini ya plaki ya namba, kumbe nyuma ya plaki hakuna kitu mtu anaweza kugusa. Sheria yangu ilikuwa moja: kifichwe kwa macho, mkono ufike. Usiku, mvua, matope mpaka magoti, hautaanza kutafuta funguo ya 12 ufungue parshoki ili ufikie kimkono cha ambreaji (klachi) ya winchi.

Ukubwa wa winchi si mambo ya kubahatisha. Unachukua uzito wa gari ikijaa watu na mizigo, unazidisha mara moja na nusu. Yangu ikijaa inakaribia tani 2 na nusu, kwa hiyo nikatafuta ya pauni 9,500, yaani karibu kilo 4,300. Na ujue ile namba wanayoandika ku boksi ni nguvu ya mzunguko wa kwanza, kamba ikibaki kidogo ku drum, ile ngoma yenye kamba inajizungusha. Kamba ikijipanga safu juu ya safu nguvu inashuka kila safu, ndiyo maana ukikwama karibu na mti si bahati sana, afadhali utafute wa mbali utoe kamba nyingi. Yangu ilitoka Afrika Kusini ikaingia na Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, bei sisemi, bibi anasoma hapa.

Kazi ya chuma nilifanya na fundi mmoja wa sudure (kuchomea vyuma) wa kwetu, sisi wote tunamwita Maître. Tulitoa parshoki, nyuma yake kuna ile bar ya chuma yenye inakingaka gari likigongwa, tukaitoa nayo, na pale ilipokuwa njo pakawa nyumba ya winchi. Usitoe ile bar ukaacha pengo tupu! Kile kitanda cha winchi, chuma chenye winchi inakalia, lazima kiunge mikono yote miwili ya shasi, kiwe kinene, kiwe na nguvu ya kufanya kazi ya ile bar. Na kama gari yako iko na airbagi, zile sensa za mbele usizihamishe hata kidogo.

Tulianza na karto. Kweli, karto ya boksi ya friji, tukaikata, tukaipachika kati ya shasi, tukaweka alama za tundu, tukaitoa tukaikata tena, mpaka ikakaa. Miguu ya winchi za ukubwa huu karibu zote ina vipimo vimoja, milimita 254 kwa 114, kwa hiyo kesho ukinunua ya kampuni ingine itakaa ku tundu zilezile. Halafu toli (bamba la chuma) ya milimita 8, meleze ya kukata, perseze ya kutoboa, na umeme ukakatika tukamaliza na jenereta ya jirani.

Maître alitaka kuchomea ku shasi moja kwa moja.

"Mukubwa, sudure yangu haiachiaka," akaniambia.

"Najua Maître, lakini hapa tufunge na buloni (bolti), tundu za Toyota ziko."

Hakufurahi. Lakini shasi ukiichoma moto pembeni ya sudure panakuwa dhaifu, na siku moja ufa unaanzia pale, halafu pia ukichoma batri ikiwa bado imeunganishwa unaua kompyuta ya pompi ya mafuta. Kitanda tulikichomea chini, mbali na gari, halafu tukakifunga na buloni zenye kichwa kimeandikwa 8.8. Angalia ile namba, ku soko ya Kenya, ile ya hapa Lubumbashi, utapata buloni nzuri za macho tu hazina namba yoyote, zile ni za kufunga mlango wa kuku. Na pale buloni inapita shasi toka upande hadi upande, shasi ni tupu ndani, ukikaza unaiminya. Tukakata vipande vya tiyo (bomba) nene, urefu sawasawa na upana wa shasi ndani, tukaviingiza, buloni ikapita mu tiyo. Sasa unakaza kwa nguvu zote na shasi haisogei.

Kile kimkono cha ambreaji njo kilinipa kazi kuliko yote. Hiki ndicho kinaachia drum ili uvute kamba kwa mkono, bila hicho winchi inabaki kutoa kamba kwa moteri, taratibuuu, na kula batri bure. Winchi ikikaa ndani ya kitanda, kimkono kilikuwa kinaangalia nyuma ku radiatere, hata mtoto hangefika. Dawa yake ni kuzungusha bwate ya gia. Ku winchi nyingi, si zote, kuna visi (skrubu) zinazunguka mfuniko wa gia, unazitoa zote, unazungusha bwate tundu moja moja mpaka kimkono kifike unapotaka, unarudisha visi. Usivute inje! Ukivuta, gia zinatoka, grisi inakutana na vumbi ya Lubumbashi na hapo umejiletea mambo ingine. Mimi nilifanya winchi ikiwa imelala juu ya meza, upande wa gia unaangalia juu, ili hata ikifunguka kidogo kitu kisianguke. Kikaja kuangalia juu mbele, nyuma ya grili. Nikakata kajishimo ku plastiki ya ndani, na jioni taa ya uwanja imezimwa nikavaa glavu nene nikajaribu kufungua na kufunga bila kuangalia. Kiliposhikika ndiyo nikarudisha parshoki.

Umeme sasa. Watu wanaona winchi kama kufunga redio. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu yote inaweza kula amperi 400 na kupita, alternata ya gari, yenye inachaji batri, haiwezi hiyo, anayebeba ni batri. Kwa hiyo moteri ya gari iwe inatembea, vuta kidogo, pumzika, shika moteri ya winchi na mkono, ikiwa moto sana ngoja. Kable nilitumia za milimita za mraba 35, na ile ya masi (upande wa hasi) unene uleule, ikaenda mpaka ku kichwa cha batri, si ku buloni yenye kutu ya shasi. Kati ya batri na winchi nikaweka swichi kubwa ya kukata, juu kable yenye nguvu hivi ikichunika siku gari imegongwa inawasha moto. Kiboksi cha rele, chenye kinapitisha umeme kwa winchi, nikakitoa juu yake nikakipeleka ndani ya kapo (boneti) pembeni ya batri, mbali na maji, na pale pale njo nachomeka rimoti. Moteri ina vichwa vyake A, F1 na F2, wekea kila kable alama kabla ya kutoa hata moja, F1 na F2 zikibadilishana winchi inavuta wakati umeiambia iachie.

Halafu joto. Mwenye 1KZ anajua ugonjwa wake, ikichemka sana kulase (kichwa cha moteri) inapasuka, na mimi nataka kuweka donge la chuma mbele ya radiatere! Tulishusha winchi chini kadiri ya kitanda ilivyoruhusu, bila kutokea chini ya parshoki, ili upepo wa grili uende bure, na honi nikazihamisha pembeni. Nikaongeza saa ya kweli ya kupima joto ya moteri, juu mshale wa Toyota unakaa katikati unakudanganya mpaka mambo imeharibika. Nikaijaribu njia ya Likasi, mchana, mwezi wa 10 ambao hapa jua linachoma kuliko miezi yote, gari imejaa, klima (AC) imefunguliwa. Ilipanda kidogo ku milima ikarudi. Ingepanda ikakaa, ningeitoa winchi siku hiyohiyo, sitanii, kulase ya 1KZ ni bei ya winchi na zaidi.

Kamba nilichukua ya sentetiki, si ya chuma. Ni nyepesi, haitoi sindano za kuchoma mikono, na ikikatika hairuki na hasira kama chuma. Ubaya wake haipendi joto, jua wala mchanga, na ikiwa winchi ina breki ndani ya drum, ukishusha gari na winchi muda mrefu drum inapata moto na kamba inaungua. Jua kwangu si shida, imefichwa. Mdomo wenye kamba inapitia ni wa aluminiamu laini, ule wa vyuma vinne vyenye vinazunguka waachie wenye kamba ya chuma. Plaki nayo nikaiwekea bawaba, ikifungwa inafunika mdomo, watu wa rulaje (polisi wa barabarani) wanasoma namba yao, nikitaka kamba naiinua. Na kabla ya kutumia nilitoa kamba yote nikaacha mizunguko kama kumi, nikaivuta gari yenyewe ku kamteremko hapa nyuma, breki imeshikwa kidogo, ili safu za chini zikaze. Ukiacha zimelegea, siku ya mzigo ile ya juu inazama kati ya za chini na inang'ang'ania humo.

Dembo ya kwanza haikuchelewa. Tumeshuka na mashine ya kusaga ya shamba nyuma, gari ikakaa na tumbo. Shida ya njia ile si winchi, ni miti. Mutondo, muputu, yote imegeuka makala (mkaa), unaangalia kushoto na kuume unaona visiki vyenye ukivuta vinang'oka, na vichuguu. Watu wa makala wakasimama na baiskeli zao zimebeba gunia, wakazunguka gari, mmoja ananiuliza, "Vié (mzee), sasa iko wapi ile mashine?" Nikainua plaki, wakacheka sana.

Wao njo walichimba. Pembeni ya kichuguu ambako udongo ni mgumu, shimo karibu mita moja, tukasimamisha gurudumu ya spea ndani, sangle (mkanda wa kuvutia) ikapita tundu ya katikati, nyuma yake kipande cha bomba ya chuma, na mbele ya shimo mfereji mdogo wa sangle ili ivute ikiwa chini, ikivuta kwa juu gurudumu inatoka. Tukarudisha udongo tukakanyaga. Puli ku sangle, kamba ikarudi ku ndoano ya gari, hapo winchi inabeba nusu ya mzigo na gari inakuja nusu ya mwendo, ni sawa, nani ana haraka mu dembo. Koti langu juu ya kamba katikati, ili ikikatika isiruke. Kazi ngumu ilikuwa kutoa watu karibu na kamba, kila mtu anataka kusukuma, kushika, kuruka juu yake. "Bandugu, mbali, mbali kabisa, hata kule bado!" Ikatoka polepole, matope yanalia chini.

Tangu siku hiyo kila nikirudi toka shamba natoa kamba yote uwanjani, watoto wanaishika kule mwisho, naiosha na maji tupu, inakauka kivulini, naangalia kama iko na nyuzi zimekatika, nakaza buloni za kitanda, naingiza mkono nyuma ya grili nifungue na kufunga kimkono mara kadhaa ili matope yasikigandishe. Batri ya pili wenzangu wananiambia niweke. Ndani ya kapo ya 1KZ nafasi iko, lakini ni kilo zingine ishirini mbele na alternata ni ileile, kwa hiyo kwa sasa nimenunua moja kubwa zaidi, na ile ya zamani Maître ameichukua kwa taa za garaje yake.